Leseni ya Daktari Inaishia Koridoni

Verna Lichty akikataa maziwa yako, hakuna pa kukata rufaa. Hufika shambani na lori lake la tangi kabla watu hawajanywa kahawa, hufungua mfuniko, huingiza pua, hufumba macho kidogo, kisha husema "sawa" au "hapana." Akisema sawa, mpira wa lori unafungwa na maziwa yanavutwa. Akisema hapana, mkulima anamwaga. Nimeona wanaume wenye ng'ombe mia mbili wakisimama mbele ya pua hiyo kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Ni wifi yangu. Marehemu mume wangu, Wendell, alikuwa kaka yake mkubwa, na mimi nimeishi katika nyumba ya akina Lichty tangu nilipoolewa. Zamani watu wa milima hii walimjua kwa jina jingine, na mimi nilimwita shemeji. Jina hilo la zamani silitaji, kwa sababu mwenyewe amelizika, na maiti wa familia yetu hatuwafukui. Alikuwa na miaka hamsini na kitu alipotuambia, mezani, baada ya supu, kwamba yeye ni mwanamke, kwamba amekuwa hivyo tangu utotoni, na kwamba jina lake ni Verna.

Wendell alitafuna mkate wake mpaka ukaisha.

"Na lori je?" akauliza.

"Lori naendesha mimi. Kwani kuna mwingine?"

"Basi nisogezee chumvi."

Akina Lichty hawapigi kelele mezani. Wilaya nzima ilijua ndani ya wiki moja, ikasema iliyosema, ikachoka. Wakulima waligundua kwamba pua ni ileile. Ila nywele zilianza kurefuka chini ya kofia, na siku za sikukuu wifi yangu akawa anavaa gauni la kijani ambalo, lazima niseme, lilimkaa vizuri kuliko magauni mengi yanayoonekana kanisani kwetu.

Kilichokosekana kilikuwa daktari. Mzee mwema wa zahanati ya mjini alimpokea, akamkalisha, akamwambia ukweli: "Verna, nitakutibu mguu, nitakutibu kifua, hata jino nitaling'oa ukinibembeleza. Lakini mambo ya homoni za namna hiyo sikufundishwa, na sitaki kujifunzia kwako." Alimwelekeza kwenye kliniki ya jiji, kuvuka milima, ambako foleni ilikuwa ya mwaka mzima. Verna alisubiri. Miadi ilipofika, theluji ilifunga barabara. Na hata isingefunga, ng'ombe hawajui miadi. Maziwa yasipovutwa leo, kesho hayana pa kukaa.

Ndipo akampata Daktari Salcedo, mwanamke wa jiji la Philadelphia anayewaona wagonjwa wake kwa video, wale wasio na daktari wa kuwafaa karibu nao. Damu unatolewa kwenye maabara ya karibu, dawa unachukua kwenye duka la karibu, na kila baada ya miezi kadhaa mnatazamana kwenye kioo cha kompyuta mnazungumza. Verna alianza kubandika plasta zake za homoni, kiunoni, mahali ambapo mkanda haugusi. Mwaka huo nilimsikia kwa mara ya kwanza akiimba ndani ya lori. Hana sauti nzuri. Lakini aliimba.

Tatizo lilikuwa mtandao. Nyumba yake iko bondeni, na bondeni huko simu ni ya kuangalizia saa tu. Kwanza alikuwa akipanda na lori hadi kileleni, anazungumza na daktari huku upepo ukitikisa vioo. Baadaye akahamia kwenye maegesho ya maktaba, ambako nusu ya mji hukaa ndani ya magari ikitumia mtandao wa bure. Siku moja, katikati ya mazungumzo, jirani mmoja alimgongea dirisha, akamwomba ashuke amsaidie kuinua kabati. Verna, kwa kuwa hajui kusema hapana kwa kitu chochote isipokuwa maziwa, akashuka. Aliporudi, muda wa daktari ulikuwa umekwisha. Akakaa wiki nyingi bila dawa mpaka nafasi nyingine ikapatikana. Wiki hizo nazikumbuka. Hakulala, hakuimba, aliongea na watu kama anayewadai.

Nikamwambia inatosha. "Mgonjwa wa nyumba hii hatibiwi kwenye maegesho kama ng'ombe mnadani."

"Mimi siumwi, wifi."

"Basi hata asiyeumwa. Utakuja kwangu. Mtandao ninao, mlango ninao, na ufunguo wa mlango ninao."

Sasa, kuhusu nyumba yenyewe. Mstari unaotenganisha majimbo ya Pennsylvania na Maryland unapita katikati yake. Babu yake Wendell alipigilia ukanda wa shaba kwenye sakafu ya koridoni, pale hasa mawe ya mpaka yanapoelekeza, na tangu hapo ukanda huo husuguliwa kila Jumamosi. Akina Lichty hula Pennsylvania na kupokea wageni Maryland. Jiko, ghala na kisanduku cha barua viko upande wa kaskazini. Sebule, piano na mlango mkubwa viko kusini. Wageni wote huonyeshwa. Maaskofu wawili wamesimama juu ya ukanda ule, mguu huku na mguu kule, wakapigwa picha.

Oktoba iliyofuata Verna alikuwa na miadi ya mwaka, ile ambayo bila kuonwa, dawa haziandikwi tena. Kliniki ya Daktari Salcedo ikaisogeza hadi Alhamisi. Na Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya jamu ya matufaha, ambayo wanawake wa kanisa huipika jikoni kwangu kwa ajili ya mnada wa kanisa. Matufaha yalikuwa yameshamenywa. Tufaha lililomenywa halingoji.

"Niahirishe?" nikamuuliza Verna kwenye simu, ingawa sote wawili tulijua jibu.

"Uahirishe jamu au daktari? Wifi, plasta zangu zinaisha wiki ijayo. Nikikosa Alhamisi, nafasi nyingine ni baada ya Krismasi. Nilishaonja kukaa bila. Sirudi huko, hata kwa kuburutwa."

Basi nikapanga. Wanawake wangekaa jikoni. Verna angeingia kwa mlango mkubwa, mlango ambao kwetu hutumiwa na wachungaji na majeneza, akae sebuleni, milango ifungwe, azungumze na daktari wake, atoke. Mambo ya mwili wa mtu wa familia yetu hayajadiliwi juu ya sufuria.

Jikoni walikuwa wawili. Bibi Twila, ambaye masikio yamemwacha lakini mikono bado, alikuwa akipanga chupa. Na Ardith Bowser alikuwa na mwiko. Ardith ndiye mpika jamu wetu mkuu, na ndiye mdomo wetu mkuu pia. Huongea akivuta pumzi na akitoa. Wiki ile alikuwa na la kuongea kwelikweli, kwa sababu Jumatatu Verna alikuwa ameingiza pua kwenye tangi la mumewe, Leroy, akasema hapana.

"Tangi zima, Bi Augusta! Zima! Eti yananuka majani yaliyochacha. Yanuke wapi? Mimi mwenyewe niliyanusa, yananuka maziwa! Yule wifi yako ana pua au ana kisirani?"

"Koroga, Ardith," nikasema, nikafunga mlango.

Verna alikuwa ameshakaa sebuleni, chini ya picha ya babu, amevaa blauzi safi na suruali ya kazi, mashine ya kupima presha mezani, laptopu imefunguliwa. Nilikuwa koridoni na trei ya kahawa daktari alipotokea kwenye kioo. Nilisikia sauti yake, changamfu, ya mtu aliyelala vizuri.

"Verna! Habari za maziwa?"

"Yananuka, daktari, kama kawaida."

"Kabla hatujaanza, swali langu la sheria: uko Pennsylvania sasa hivi?"

"Ndiyo. Nyumbani kwetu."

Nikasukuma mlango kwa kiwiko. Katika nyumba hii hakuna daktari, wakili wala mchungaji aliyewahi kuambiwa jambo ambalo si kweli.

"Samahani, daktari," nikasema. "Sebule iko Maryland. Pennsylvania inaanzia koridoni, kwenye ukanda wa shaba."

Verna akanigeukia polepole, kama lori linavyogeuka.

"Wifi. Nani alikuuliza?"

"Daktari ameuliza."

"Ameniuliza mimi! Anwani ni Pennsylvania, barua zinakuja Pennsylvania, kodi tunalipa—"

"Kiti chako kiko Maryland."

Kwenye kioo Daktari Salcedo alikuwa ameweka mkono mdomoni, na mabega yalikuwa yakimcheza. Lakini alipouondoa mkono, uso ulikuwa wa kazi. "Verna, sikiliza. Leseni yangu ni ya Pennsylvania tu. Mahali ulipokaa ndipo panapohesabiwa, na sasa nimeshajua. Siwezi kukutibu ukiwa Maryland, hata kama ni hatua mbili. Unaweza kuhama? Nakusubiri, lakini nina mtu mwingine baada yako."

Tukatazamana. Mtandao wangu unatoka kwenye kisanduku kilicho juu ya piano. Kuta za nyumba hii ni za mawe, nene kama kimo cha mtoto, na mtandao hauzipenyi. Ghorofani haufiki, ghalani haufiki, na koridoni unayumbayumba. Mahali pekee pa upande wa kaskazini unapofika, mlango ukiachwa wazi, ni meza ya jikoni.

"Hapana," nikasema.

"Ndiyo," akasema Verna. Akabeba laptopu mkono mmoja na mashine ya presha mkono wa pili, akavuka ukanda wa shaba.

Ardith alimwona akaacha sentensi katikati, jambo lisilo la kawaida, ila akaokota nyingine papo hapo. "Ooh! Pua imefika! Karibu unuse jamu, labda nayo tuimwage!"

"Ardith, naomba jiko."

"Uniombe mimi? Baada ya kumwaga maziwa ya mume wangu?"

"Sikuyamwaga. Niliyakataa. Aliyemwaga ni Leroy."

"Jamani, msikieni!"

"Ardith," nikasema, "Verna ana daktari kwenye kompyuta. Anahitaji kukaa hapa, na anahitaji faragha. Nyie nendeni sebuleni mpumzike, mimi nitakoroga."

Ardith alinitazama kwa huruma ya kweli. "Wewe, Bi Augusta? Wewe ulishaunguza maji. Nikiacha mwiko huu jamu inashika chini, ikishika chini kanisa linauza masizi. Siondoki. Si kwa ubaya. Siondoki tu."

Na alikuwa na haki. Jamu ikifikia kuwa nyeusi na nzito vile, haiachwi hata kidogo.

Daktari alikuwa anasikia yote. "Verna," akaita kutoka mezani, "kuna watu hapo. Sheria inataka uwe radhi. Uko radhi tuzungumze mbele yao? Ukisema hapana, tutatafuta siku nyingine, sitakulaumu."

Siku nyingine ilikuwa baada ya Krismasi. Verna alitazama sufuria, akamtazama Ardith, akanitazama mimi muda mrefu zaidi. Nilielewa kwamba ananiomba ruhusa, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya jina la akina Lichty. Nikavuta kiti cha kichwa cha meza, kile cha Wendell, nikamwekea.

"Kaa," nikasema.

Akakaa. "Niko radhi, daktari. Huyu anayekoroga alinifundisha kufunga kamba za viatu, na yule wa chupa alikuwa ananibadilisha nepi. Uliza."

Daktari akauliza. Mengine sitayaandika hapa. Yalijibiwa vizuri na yanatosha hapo. Aliuliza usingizi, kifua, ngozi pale plasta zinapokaa, na miguu.

"Anasema nini?" Bibi Twila akapaza sauti.

"Anauliza kama miguu inavimba!" Ardith akapaza zaidi.

"Yangu inavimba!"

"Si wewe, Bibi!"

"Mwambie wa kushoto hasa!"

"Majibu ya damu ni mazuri sana," daktari akaendelea, akijikaza. "Imebaki presha. Pima, tuone."

Verna akavaa mkanda wa mashine mkononi, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikavimba, ikapumua. Akageuza kioo chake kuelekea kamera. Daktari akaacha kutabasamu.

"Iko juu, Verna. Juu sana. Miezi yote hii ilikuwa sawa. Umekimbia?"

"Nimevuka koridoni."

"Umekasirika?"

Macho ya Verna yalikwenda yenyewe kwenye sufuria.

"Usinitazame mimi!" akasema Ardith.

"Nikiiona hivi, siwezi kuandika dawa leo," daktari akasema, polepole, ili kila neno lifike. "Kwa umri wako siwezi kubahatisha. Ingebidi kwanza uonwe ana kwa ana, upimwe, ndipo turudi." Ana kwa ana maana yake ni jiji, milima, foleni ya mwaka. "Lakini presha ya hasira hushuka. Tufanye hivi. Egemea kiti. Miguu yote sakafuni. Dakika tano, kisha upime tena. Usiongee. Na mtu yeyote aliye hapo, tafadhali, asiongee."

Sote tukamgeukia Ardith.

Ardith alifungua mdomo. Nikaona neno likija, nikaona likifika kwenye meno. Akafunga mdomo.

Sijui kama umewahi kukaa jikoni kimya na sufuria ya jamu. Huchemka kwa mapovu makubwa mazito, moja baada ya jingine, kila povu likipasuka kwa sauti ya mtu anayekubali jambo shingo upande. Mwiko ulizunguka. Verna alifumba macho, mikono mapajani, kama anavyofumba akinusa tangi. Nilisimama mlangoni, tayari kumkoholea yeyote atakayefungua mdomo.

Ardith alikuwa mwekundu. Mara ya pili mdomo ukafunguka, nikainua kidole, ukafungwa. Alikoroga kwa nguvu kama anayepiga makasia.

"Mbona kimya?" Bibi Twila akaita. "Kuna aliyekufa?"

Ardith, Ardith Bowser, akaweka kidole midomoni mwake kumwonyesha anyamaze. Bibi Twila alishangaa hata akaketi.

Kicheko kikaanza kumpanda Verna. Niliona kidevu kikitetemeka. Kama angecheka, tungerudi mwanzo. Ndipo Ardith, mkono mmoja ukiendelea kukoroga, akanyoosha ule mwingine, akachukua mto wa kiti chake mwenyewe, akausukuma nyuma ya mgongo wa Verna, pale penye nafasi. Hakumtazama wakati akifanya hivyo. Verna akaegemea. Kidevu kikatulia. Mabega, ambayo tangu Jumatatu yalikuwa masikioni, yakashuka.

"Sasa," akasema daktari kwa sauti ya chini.

Mashine ikanguruma, ikavimba, ikapumua. Verna hakuitazama. Aliigeuza moja kwa moja kwa daktari.

Daktari Salcedo alisogea karibu na kioo, akasoma, akarudi nyuma.

"Hiyo ndiyo ninayoijua," akasema. "Naandika dawa zako. Za mwaka. Kesho utazikuta kwenye duka lako la dawa, Meyersdale. Kama mashine hiyo ni ya kuazima, nunua yako, uwe unapima kila siku na kuandika—"

"Ninayo, daktari. Hii hapa."

"Basi itumie. Na Verna? Miadi ijayo, uanzie hapo hapo jikoni."

Kioo kikawa cheusi. Verna alivua mkanda wa mashine, akaukunja vizuri, akaukunja tena, ingawa ulishakunjika. Nikammiminia kahawa, akainywa yote wima, kwa sababu wakulima wa upande wa mashariki walikuwa wakisubiri, na wifi yangu hajawahi kuchelewa kwenye tangi la mtu.

Ijumaa alikwenda Meyersdale na lori lake, akaliegesha mbele ya duka la dawa, akatoka na mfuko. Aliporudi alipita kwangu kunionyesha, akauweka juu ya meza ya jikoni kama mtoto anavyoweka cheti. Nilimwambia tu kwamba blauzi ile ya Alhamisi inahitaji kupigwa pasi kwenye kola.

Jumapili nilivaa koti langu jeusi na kofia, nikaenda kanisani mapema, nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa na jibu kwa kila atakayeuliza habari za wifi yangu, majibu mafupi, yaliyopimwa, ya kumfanya mtu atamani kutouliza la pili. Mke wa mchungaji alinishika mkono hata sijafika kwenye ngazi.

"Bi Augusta, ni kweli?"

"Inategemea umeambiwa nini."

"Kwamba Ardith alinyamaza. Jikoni kwako. Dakika tano. Akiwa macho!"

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwepo."

Alinitazama usoni kuona kama natania. Nyuma yake walikuwa wameshasogea wengine watatu, na hakuna hata mmoja aliyeniamini.